Nimelipia Nyasi, Zimehamia kwa Mama Nasra

Jamani, mwenzenu nyasi nilizinunua. Naomba hili lieleweke mapema, maana kuna watu wanapita getini kwangu hapa Kinyerezi wanatikisa kichwa, wanadhani ni uvivu wa kupalilia. Mwaka jana masika yalipokaribia nilinunua viroba kumi vya ukoka kwa wauza miche wa barabarani. Nikalipa bajaji, nikamlipa kijana wa kupanda, nikamwagilia kila jioni, bili ya maji ilipokuja nikaikunja nikaificha droo ya chini. Ukoka ulipandwa chini ya mwembe, nia yangu Jumapili nijilaze pale chali kama watu wa kwenye kalenda.

Leo chini ya mwembe pana upara. Kuku wa jirani wanaoga vumbi pale. Lakini nenda upande wa pili, kwenye tuta la maua la mke wangu, Mama Nasra, penye mawaridi na asumini. Ukoka umejazana, umenona, unameremeta utasema umepakwa mafuta ya nazi. Nilipoulipia kiwanja umekataa kukaa, ulipofukuzwa umejenga ghorofa.

Na usidhani kuung'oa ni kuinama mara moja. Unashika majani, unavuta, unakuja uzi mweupe mgumu kama waya, una vifundo hatua kwa hatua, na kila kifundo kimejishikiza ardhini kwa vindevu vyake. Unaufuata, unapita chini ya waridi la kwanza, unalizunguka la pili, miiba inakuchora mkono mzima, na pale unapodhani sasa umefika mwisho wake, tap! Umekatika. Kipande kilichobaki chini wiki ijayo kina mke na watoto.

Mimi nilianza na jembe. Nikalilima lile tuta kama nataka kupanda mihogo. Siku kumi baadaye palipokuwa na ukoka mmoja pana arobaini, kwa sababu kila kipande nilichokata kiliamua kuanza maisha. Kumbe muda wote najidhania natoa, nazidisha. Mwalimu wangu wa hesabu alishalalamikia jambo hilohilo.

Kisha Mama Nasra akasema maua yana njaa, yanataka samadi. Nikaenda Pugu Mnadani, nikaleta viroba vitatu, mbichi bado inafuka moshi. Sasa ng'ombe wa pale wanatoka bara huko, wamekula kila aina ya majani, na mbegu nyingine zinapita tumboni salama salimini kama abiria mwenye siti ya dirishani. Samadi ikishaoza vizuri kwa joto lake nyingi zinakufa, lakini nani alikuwa na muda wa kungoja? Nikaotesha nyasi ambazo hata mjumbe wetu hazijui, zimefika Dar bila nauli.

Ndago nayo ikaibuka, sijui ilipitia mlango gani. Ile hata siyo nyasi, ni tapeli. Zungusha kikonyo chake kati ya vidole utahisi pembe tatu. Chini ina vinundu vyeusi kama karanga zilizoungua. Ukivuta, jani linakuja kwa heshima zote, kinundu kinabaki chini kinatengeneza jingine.

Nikaenda duka la pembejeo. Kijana akaniuliza, "Mzee, unataka dawa ya magugu inayochagua cha kuua au isiyochagua?" Nikamwambia isiyochagua, mimi siyo mbaguzi.

Nikanyunyiza saa kumi jioni, upepo wa kusi unavuma hadi kofia imenitoka. Siku ya tatu ukoka bado kijani, nikarudi dukani na sauti juu. Kijana akaniambia dawa inashuka kwanza mizizini, nivute subira. Nikaivuta. Siku ya kumi ukoka ukaanza kuwa njano, nikaita watoto waje washuhudie. Siku ya kumi na mbili mawaridi mawili nayo yakawa njano. Sikumwita mtu.

Wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Aliyesema hakufika kwangu. Mimi na Mama Nasra tulipigana maneno kuanzia magharibi hadi taarifa ya habari ikaisha, na asubuhi aliyeamka na afya njema humu ndani ni ndago peke yake.

Aliyeniokoa ni bibi wa nyumba ya pili. Alikuja kufuata kuku wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Baba Nasra, kila siku nakuona umepiga magoti hapo, una nadhiri?"

Nikamweleza. Akautazama mwembe, akautazama upara, akalitazama tuta. "Ukoka unataka jua, mwanangu. Wewe umeupanda kivulini, halafu huku kuna jua, samadi, na maji kila jioni. Ungekuwa wewe ukoka ungekaa wapi?"

Hakunidai hata senti. Akaniambia niache jembe, nitumie uma wa bustani, nisubiri mvua ilowanishe udongo, niufuate uzi kwa mkono hadi mwisho bila kuukata. Pembeni nifukie matofali, shibri moja kwenda chini, yashikane, yasiachane. Juu nitandike maboksi yaliyolowekwa, halafu makumbi ya nazi. Nikafanya yote. Siku nne. Mgongo wangu sasa unatabiri mvua.

Tuta likatakata. Mama Nasra akaanza kunipa nyama ya juu ya sufuria. Jumamosi iliyopita akaleta wanakikoba wenzake wote nyumbani, akawapanga barazani, kazi kuwasimulia jinsi mume wake alivyoumaliza ukoka. Mimi nimesimama kando ya tuta nimeweka mikono nyuma, napokea sifa. Nikatupa jicho chini. Katikati ya makumbi, karibu na waridi lililopona, limechungulia jani moja la kijani, lembamba, limenyooka kama kidole cha mtoto anayeomba ruhusa ya kusema.

Nikavuta kiti cha plastiki taratibu, nikakiweka juu yake, nikakaa.

"Baba Nasra," Mama Nasra akaita kutoka barazani, "saa saba hii, mbona umekaa juani?"

"Naota jua, mke wangu."