Injini haitaki kuogeshwa, inataka kufutwa

Fundi aling'oa koili ya tatu, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuwashia, akapenyeza kitambaa kwenye shimo la plagi kwa ncha ya bisibisi, nacho kikatoka kimelowa chepechepe. Gari langu lilikuwa limeoshwa jana yake, na injini ilipigwa mashine ya presha mpaka ikang'aa. Asubuhi liliwaka kwa kukohoa, linamisi, linatetemeka, taa ya injini inamulika kwenye dashibodi. Hakuna kifaa kilichokufa. Maji tu yalituama mahali ambapo umeme wa maelfu ya volti hupita kwenda kwenye plagi.

Tangu siku hiyo naisafisha injini mwenyewe, nyumbani, na msimamo wangu haujayumba: kazi hii ni ya brashi na kitambaa. Maji ni ya kusuuzia, tena kidogo.

Wapo watakaosema gari hupita kwenye mvua na madimbwi bila kudhurika. Ni kweli, lakini mvua huishia juu ya boneti, na maji ya dimbwi hurukia kutoka chini yakiwa yamekwisha nguvu. Mashine ya presha, hata ile ndogo ya nyumbani, husukuma maji kwa zaidi ya bar 100, bar ikiwa ni kipimo cha presha. Nguvu hiyo hupenya vipira vinavyoziba soketi za nyaya, hasa kwenye gari la zamani ambalo plastiki zake zimekauka na kupasuka. Hupinda mapezi ya rejeta, ambayo hata ukucha unaweza kuyakunja. Altaneta, mtambo unaochaji betri, ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu imeachiwa matundu wazi ili ipoe, na mtu anaielekezea bomba humo humo.

Kabla ya yote, injini ipoe, ibaki na uvuguvugu ambao kiganja kinauvumilia. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi upande mmoja hunywea bila kulingana, na hapo ndipo nyufa huanzia. Sabuni nayo hukaukia juu yake kabla haijafanya kazi. Ufunguo nautoa kwenye gari, maana feni ya umeme ya rejeta inaweza kuanza kuzunguka yenyewe wakati vidole viko karibu nayo. Kisha nafungua betri, waya wa hasi kwanza, na huo huo ndio naurudisha mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zake utazikumbuka.

Altaneta, boksi la fyuzi, kompyuta ya injini, koili na mdomo wa ea klina, yaani chujio la hewa, navifunika kwa mifuko ya plastiki na kuibana kwa raba. Mifuko naihesabu. Nikifunga mitano, lazima nitoe mitano, kwa sababu mmoja ukisahaulika karibu na mkanda wa feni au bomba la ekzosi utakuwa umejitengenezea balaa jipya.

Sasa petroli. Naomba hapa tusioneane haya: acha kuoshea injini kwa petroli, na mwambie na jirani yako. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya usipouona, na hushika moto hata kukiwa na baridi kali. Cheche moja ya betri inatosha. Dizeli na mafuta ya taa haviwaki upesi kiasi hicho, lakini huacha utando unaonasa vumbi na hulegeza mipira. Sabuni ya vyombo kwenye maji ya uvuguvugu huondoa uchafu mwingi, na penye grisi iliyoganda natumia dawa ya kuondolea grisi inayosuuzika kwa maji. Naiacha dakika chache, nasugua, naifuta kabla haijakauka.

Kama gari lako ni haibridi au la umeme, nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa. Zina volti za kuua. Futa vifuniko kwa kitambaa kikavu, basi.

Mbona nijisumbue hivi kwa kitu kinachofichwa na boneti? Kwa sababu brashi inakupeleka mahali ambapo jicho halifiki. Ukingoni mwa tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, chini ya tope jeusi, nilikuta mstari mwembamba wa oili mbichi yenye rangi ya asali: gasketi, kile kizibo kinachozuia oili isivuje, imechoka. Chini ya kioo cha mbele nilitoa majani yaliyooza, yameziba tundu la kutolea maji, na maji yanayokosa pa kutokea pale huishia kwenye zulia la abiria. Unga mweupe wa kijani kwenye teminali za betri huondoka kwa bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, ikichanganywa na maji. Povu likitulia, futa. Mtu wa presha hupitisha bomba juu ya hayo yote kwa dakika mbili, na hakuna analoliona.

Dawa za kung'arisha sizipendi. Zikirukia mkanda wa feni unateleza. Na maji machafu siyaachii mtaroni. Naweka beseni na matambara chini, kwa sababu oili ile ikiingia kwenye udongo haitoki leo wala kesho.

Nikimaliza naiacha boneti wazi saa nzima, nazitoa zile plastiki huku nikizihesabu, narudisha waya za betri, nawasha na kusikiliza. Mvuke kidogo hapa na pale haunitishi. Siku mbili baadaye narudi na tochi kwenye tapeti kava, kuona kama ule mstari wa asali umejichora tena.