Mkojo wa mbwa wako si kazi ya dada

Jioni moja mwezi wa pili nilifungua mlango nikamkuta dada anayetusaidia nyumbani amepiga magoti nyuma ya kochi, kitambaa mkononi, ndoo kando yake. Hakuinua uso. "Mama, hii ni ya saba leo," akasema.

Pamba alikuwa na wiki moja na nusu tangu aingie nyumbani kwetu. Ni mbwa wa aina ya Maltese, mweupe kama jina lake, na wakati huo angetosha kulala ndani ya kofia. Watoto walimlilia mwezi mzima, nikamnunua, kisha asubuhi yake nikaenda kazini na watoto wakaenda shule. Aliyebaki naye ni mtu pekee ambaye hakuna aliyemuuliza kama anataka mbwa.

Hapa Nairobi nimeliona jambo hili katika kila jengo nililokaa. Mbwa ni wa watoto, picha ni za mama, mkojo ni wa dada. Baada ya miezi minne mbwa anaitwa mkaidi, anapewa mtu wa shamba, na watu wanasema mbwa wadogo hawafundishiki. Mimi sikubali. Mbwa wadogo hawafundishwi, basi. Mbwa mkubwa akikojoa sebuleni, mkojo unafika mlangoni na nyumba nzima inashtuka, siku hiyo hiyo mafunzo yanaanza. Mdogo akikojoa ni kiasi cha vijiko viwili, kinafutwa kimya kimya na maisha yanaendelea. Lakini yeye hapo amejifunza kitu: kwamba nyuma ya kochi ni choo.

Tuanze na mwili wake, maana hapo ndipo wengi tunamwonea. Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha kukadiria: hesabu umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia akiwa ametulia. Mwenye miezi miwili ni saa tatu kwa matumaini, na wa mbegu ndogo hafiki hapo kwa sababu kibofu chake ni kidogo mno. Akicheza, dakika ishirini tu na ameshabanwa. Tena huyu halishwi mara mbili kwa siku kama mbwa mkubwa. Watoto wa mbegu hizi ndogo sukari ya mwilini hushuka upesi wakikaa na njaa, wanalegea, wanaweza hata kufa, kwa hiyo Pamba alikula mara nne. Na kila chakula kikiingia tumboni kinasukuma kilichotangulia: ndani ya nusu saa atataka haja kubwa. Kwa hiyo usimnyime maji wala chakula ili sakafu ikauke.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Akiamka, apelekwe. Akila, apelekwe. Akicheza, apelekwe. Kabla ya kulala, na usiku mara moja au mbili. Mara kumi hadi kumi na mbili kwa siku, na kila mara mtu asimame naye mpaka amalize. Hiyo ni kazi kamili. Huwezi kuichomeka juu ya kufua, kupika na kupokea watoto wa shule halafu ukarudi jioni kuuliza mbona zulia linanuka.

Nilikaa na dada tukazungumza kama watu wazima. Pasi tukaitoa kabisa katika kazi zake, nikamwongezea mshahara, tukagawana saa. Nikaomba likizo ya siku tano. Alfajiri, jioni na usiku ikawa zamu yangu. Yeye akachukua mchana, na kwa hiari yake, baada ya kuambiwa kwamba anaweza kukataa. Tukakubaliana pia neno moja la kumwambia Pamba, "haraka", na hakuna mtu wa kutumia jingine. Mbwa akisikia maneno matano kutoka kwa watu watano hashiki hata moja.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kosa ambalo bado linaniuma. Siku ya nne nilimshika shingoni, nikamsogeza pua mpaka kwenye mkojo wake, nikamgombeza. Ndivyo tulivyoona wazazi wetu wakifanya, na majirani wengi wataniambia inasaidia. Mkojo ule ulikuwa umeshakauka pembeni, ukingo wake umegeuka njano kwenye marumaru. Yeye alikuwa akicheza na soksi. Mbwa huunganisha jambo na matokeo yake kwa sekunde moja au mbili tu. Alichoelewa ni kwamba mama huyu ni hatari mkojo unapoonekana. Tangu siku hiyo hakukojoa tena mbele yangu. Alisubiri nigeuke, akaingia chini ya kitanda. Hata nilipompeleka mahali panapofaa alinitazama, masikio yamelala, akajibana, nikimrudisha ndani anakojoa pembeni. Ilinichukua wiki mbili kumrudishia imani, nikiwa nimempa mgongo, nimekaa kimya, nikimtazama kwa pembe ya jicho.

Jingine nililojifunza ni kuuliza alikotoka. Mbwa kwa asili hachafui anapolala, na mafunzo yote yanaegemea hapo. Lakini aliyeniuzia alikuwa amewafungia ndugu wanne ndani ya tundu moja, wakila, wakilala na kunya hapo hapo. Mtoto aliyekulia hivyo ameshazoea kulala juu ya uchafu, na inabidi umfundishe upya kile ambacho mama yake angemfundisha. Ukienda kununua, omba kuona wanapolala. Ukikatazwa, ondoka.

Mahali pake pa haja tulipaweka kwenye roshani. Tupo ghorofa ya tano, na uwanja wa chini hutumiwa na mbwa wa jengo zima. Chanjo za mtoto wa mbwa huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki ya kumi na sita, na virusi vya parvo, vinavyowaharisha na kuwaua watoto wa mbwa, vinaweza kukaa kwenye udongo hata mwaka mzima. Kumshusha pale kabla chanjo hazijakamilika ni kucheza na uhai wake. Nikanunua kipande cha nyasi bandia, zile zinazouzwa kwa mita, nikakiweka juu ya trei pana inayokinga mkojo chini yake, na siku ya kwanza nikapangusia hapo kitambaa chenye mkojo wake ili harufu imwite. Vitambaa vya kukojolea vinavyouzwa madukani sivipendi. Ni laini kama zulia, na mguu wa mbwa una kumbukumbu. Aliyezoea kitambaa laini atakojolea mkeka wa mlangoni, taulo, na shuka la mtoto.

Akimaliza tu, pale pale kwenye trei, anapata kipande cha ini la kuku kilichochemshwa, kidogo kama punje ya mahindi. Ukisubiri mpaka mfike jikoni umemzawadia kwa kukimbia jikoni.

Na sakafu isafishwe vizuri. Futa kwanza, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, malizia kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Dawa zenye amonia ziache, kwa mbwa zinanukia kama mkojo mwingine. Na usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo mbichi: vikichanganyika vinatoa mvuke unaochoma kifua, na anayeinama pale kuuvuta mvuke huo ni huyo huyo dada.

Kuna mzee jirani yetu, mtu wa Lamu. Asubuhi moja tuliingia naye kwenye lifti, nimempakata Pamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mzuri huyo, ila asinilambe kanzu, naelekea msikitini."

Hakusema kwa ukali. Mate ya mbwa kwake ni najisi, yanahitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na mtu atautoa wapi udongo ndani ya lifti? Tangu siku hiyo Pamba hupita kwenye korido na lifti ndani ya kikapu chenye kifuniko, na mfuko wa kuokotea mavi nauvaa kiganjani kabla hatujatoka nje. Anayelalamika kwamba majirani wanachukia mbwa aangalie kwanza ameacha nini mlangoni kwao.

Pamba sasa ana miezi kumi. Mara ya mwisho kukojoa ndani ilikuwa mwezi wa saba, na hata hapo alikuwa mgonjwa: matone matone kila dakika chache, akilia. Daktari alimkuta na uambukizi wa kibofu. Dada ndiye aliyetambua kwamba ule haukuwa utundu, akanipigia simu kazini nije mara moja.

Trei bado iko roshani. Mvua ikinyesha, Pamba anashuka nami mpaka mlango wa chini, anaweka mguu mmoja kwenye nyasi zenye maji, anaurudisha, ananitazama. Tunapanda tena.