Kelele za Watoto wa Jirani Asubuhi: Berlin Kuna Saa, Temeke Kuna Watu

Watanzania tunaoishi Ujerumani tukikutana, na mazungumzo yakafika kwenye majirani, hujitokeza pande mbili zisizosikilizana: upande mmoja husema Wajerumani hawapendi watoto, na upande wa pili husema kwetu hatuna desturi ya kumwacha mtu alale. Sikubaliani na upande wowote. Wa kwanza hawajaisoma sheria ya nchi wanamoishi, na wa pili wamesahau jinsi maisha ya uani yalivyokuwa yakiendeshwa. Ninavyoona mimi, huku usingizi wa mtu unalindwa na saa, na kwetu ulikuwa unalindwa na watu wanaomjua huyo aliyelala. Mimi hufanya kazi zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Berlin, na hulala wakati watu wengine wanakunywa chai, kwa hiyo tofauti hiyo kwangu si suala la mjadala wa sebuleni tu.

Tuanze na Ujerumani, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa zaidi. Ni kweli kwamba utulivu wa usiku, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, unalindwa kisheria, na kwamba Jumapili na sikukuu ni siku za mapumziko zinazotajwa katika Katiba yenyewe, kwa kifungu kilichorithiwa kutoka Katiba ya Weimar ya mwaka 1919. Ndiyo maana siku ya Jumapili hutoboi ukuta, hukati majani kwa mashine, wala huendi kutupa chupa tupu kwenye mapipa ya barabarani. Majengo mengi yana kanuni zake pia, zimebandikwa ukutani karibu na ngazi, na baadhi huongeza mapumziko ya mchana kati ya saa saba na saa tisa. Lakini watoto wametolewa katika hesabu hiyo kwa makusudi. Mwaka 2010 jimbo la Berlin liliandika katika sheria yake ya mazingira kwamba sauti za watoto ni sehemu ya ukuaji wao na kwa kawaida ni za kuvumiliwa. Mwaka 2011 Bunge la nchi nzima nalo likabadili sheria ya shirikisho, ili kelele zinazotoka kwenye chekechea na viwanja vya watoto, kwa kawaida, zisihesabiwe kuwa uharibifu wa mazingira. Kabla ya hapo majirani walikuwa wakizipeleka chekechea mahakamani. Nchi isiyopenda watoto haitungi sheria ya namna hiyo.

Uvumilivu huo una mpaka, na mpaka wenyewe ulielezwa na mahakama ya juu ya kesi za madai mwezi Agosti 2017. Mpangaji mmoja wa Berlin alilalamikia vishindo na makelele ya familia iliyoishi juu yake, akataka kelele zikomeshwe na kodi yake ipunguzwe, na mahakama za chini zikamkatalia. Mahakama ya juu ilirudisha shauri lake likasikilizwe upya, ikisema kwamba inabidi kutazama aina ya kelele, muda wake na saa zinapotokea, umri na afya ya mtoto, na kama wazazi wangeweza kuzizuia kwa malezi au kwa kurekebisha chumba. Ilisema pia kwamba mlalamikaji halazimiki kuleta daftari lenye kila kishindo na dakika yake, jambo lililowapa nafuu wapangaji wengi, kwa kuwa madaftari ya aina hiyo ni utamaduni kamili huku. Nimewahi kuonyeshwa moja na mzee wa ghorofa ya tatu katika jengo letu: safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya maelezo, na mwandiko wa kalamu ya wino mzuri kuliko ule wa cheti changu cha ndoa. Alilionyesha kwa fahari, wala hakuwahi, kwa maelezo yake mwenyewe, kubisha hodi kwa watu aliokuwa akiwaandika.

Jengo letu ni la zama za mfalme, lile la dari ndefu ambalo kila mgeni hulisifu akiingia. Kati ya ghorofa na ghorofa hakuna zege. Kuna boriti za mbao, juu yake mbao za sakafu, na katikati kifusi na vumbi vilivyojazwa karne iliyopita. Sauti ya mtu anayezungumza haipiti sana, ila hatua hupita zote. Mtoto wa miaka mitatu akikimbia peku kutoka chumbani hadi jikoni, mimi niliye chini nasikia kisigino kikigonga ubao mmoja baada ya mwingine, naweza hata kujua amefika mlango gani. Akipanda kile kigari chake cha plastiki, cha kusukuma kwa miguu, magurudumu yake hutoa ngurumo moja ndefu inayotembea darini, inasita kwenye kona ya korido, kisha inarudi. Na huyu mtoto haamki mapema kwa utundu. Mwezi Juni jua la Berlin huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wakati Dar es Salaam linachomoza karibu saa kumi na mbili na kidogo mwaka mzima, na tofauti ya miezi haifiki hata saa nzima. Ukimweka mtoto wa kwetu katika mwanga huo wa kiangazi, naye angeamka akaanza kuendesha.

Sasa, mimi hutoka kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Utulivu wa kisheria umekwisha nusu saa kabla sijavua sare. Siku za shule si mbaya sana, kwa sababu ndugu zake wakubwa huondoka kabla ya saa mbili na yeye hupelekwa chekechea, ila Jumamosi, na hasa ile likizo ya kiangazi ya wiki sita, ndipo ninapojua kwamba kanuni zilizobandikwa ngazini hazikuandikwa kwa ajili yangu. Mahakama za huku hupima kero kwa kipimo cha mtu wa kawaida mwenye busara, na mtu wa kawaida analala usiku. Naielewa sababu yake: sheria haiwezi kumfuata kila mpangaji na ratiba yake ya zamu. Lakini hospitali, mabasi, viwanda vya mikate na nyumba za wazee za mji huu zinaendeshwa usiku, na miongoni mwa wanaoziendesha tumo wageni wengi.

Temeke, Dar es Salaam, nilikokulia, hakukuwa na saa ya utulivu hata moja. Tuliishi katika nyumba ya vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, na kuta za vyumba hazikufika kwenye paa, kwa hiyo kikohozi cha chumba cha kwanza kilisikika chumba cha sita. Saa kumi na moja alfajiri, adhana ikiwa bado inasikika, watoto walikuwa tayari wako bombani na ndoo, wengine wanafagia, wengine wanagombea choo ili wawahi daladala ambazo makonda wake hawapendi nauli ya mwanafunzi. Mtu yeyote wa Ulaya angesema hapo hakuna usingizi. Lakini chumba cha mbele alipanga mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa ghala huko Barabara ya Pugu, na mzee huyo alilala kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Hakuna karatasi iliyobandikwa kwa ajili yake. Mama mwenye nyumba akimwona anaingia na koti lake na tochi, alisema neno moja tu kuelekea uani, "Baba kaja," na kuanzia hapo mpira ulihamia uwanja wa nyuma ya msikiti, kinu kiliburutwa hadi chini ya mwarobaini, na mtoto aliyesahau alivutwa sikio na mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu, awe mamaye au si mamaye. Na mzee mwenyewe, ikilazimika, angefungua dirisha akasema, "Nyie, niacheni nilale," na watoto wangejibu, "Shikamoo babu, samahani," wakakimbia.

Hilo la mwisho ndilo ninalolikosa kuliko yote. Berlin sina ruhusa ya kumsemesha yule mtoto. Hakuna sheria inayonikataza, lakini nikimwambia ngazini, hata kwa upole, kwamba mjomba wa chini amelala mchana, mama yake atashika mkono wa mwanawe, atatabasamu kwa wasiwasi, na jioni nitakuta barua ya heshima kubwa kwenye kisanduku changu. Kwa hiyo watu wazima wawili wanaandikiana juu ya mtoto ambaye angeelewa maneno matano. Wazungu nao wana haki ya kuogopa watu wasiowajua, sibishani na hilo, ila gharama yake ni kwamba jirani anabaki na njia mbili tu, kunyamaza au kulalamika kwa mwenye nyumba.

Hata hivyo sitaki kuisifia Temeke kwa namna wanavyofanya wenzetu waliokaa nje muda mrefu. Ulinzi wa uani ulimfikia mwenye watu. Yule mzee mlinzi alikuwa mkubwa kwa umri, alilipa kodi kwa wakati, na aliwasaidia wengi kupata kazi. Katika nyumba ileile alipanga dada mmoja nesi, mgeni kutoka bara, hana mume wala mtoto, naye alikuwa na zamu za usiku vilevile. Alipoomba watoto wasichezee korido asubuhi, aliambiwa kwamba ana roho mbaya kwa sababu hajazaa. Hakuwa na mahali pa kwenda: mjumbe wa nyumba kumi alikuwa shemeji ya mwenye nyumba, na kumpelekea mwenyekiti wa mtaa shauri la watoto kucheza kungemfanya awe kichekesho. Alihama. Ingekuwa Ujerumani, angalau karatasi ya ngazini isingemuuliza kama amezaa. Hapo ndipo saa inapowashinda watu, na wale wanaoilaumu Ulaya kwa ubaridi wangefikiri kwanza ni watu wa aina gani ubaridi huo unawahifadhi.

Kwa kifupi juu ya ulevi na muziki: baa, kigodoro (ngoma za mtaani za kukesha) na spika za mahubiri ni shauri jingine, NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana kanuni zao, na mtu asichanganye kelele hizo na za mtoto anayekimbia.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kwamba uani wenyewe unaondoka. Nikirudi likizo, ndugu zangu karibu wote wamehamia kwenye maghorofa au kwenye nyumba zenye ukuta na geti. Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilirudishwa katika maghorofa ya serikali yaliyozinduliwa mwaka 2022, ni mfano ulio wazi: watu waliozoea kutoka mlangoni na kukanyaga mchanga sasa wana jirani juu ya vichwa vyao, na mtoto aliyekuwa akiambiwa "nenda ukacheze nje" sasa nje yake ni ngazi. Sinza na Kijitonyama ni vivyo hivyo, ila huko wapangaji wanabadilika kila mwaka na hawajuani hata majina. Hapo tumepoteza wale watu, na saa hatujaipata. Mwenye zamu ya usiku katika ghorofa la Sinza hana mama mwenye nyumba wa kusema "Baba kaja" na hana kanuni iliyobandikwa.

Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inawapa wamiliki wa nyumba za ghorofa nafasi ya kuwa na chama na kanuni zao za ndani. Ninavyosikia kutoka kwa ndugu, vikao vya vyama hivyo huishia kwenye pampu ya maji, ada ya taka na maegesho. Ningependa waongeze mambo mawili. La kwanza ni saa, iandikwe na ibandikwe, ili mpangaji mgeni kama yule nesi asilazimike kuwa na ukoo ndipo alale. La pili Wajerumani hawana, nalo ni orodha ya wanaofanya kazi usiku, ambayo mlinzi wa geti na kina mama wa kila ghorofa wanaijua, pamoja na ruhusa ya wazi kwa mtu mzima yeyote kumkanya mtoto yeyote kwa adabu kwenye ngazi na korido. Ruhusa hiyo bado tunayo kwa mazoea, na haitachukua kizazi kimoja kabla watoto wa maghorofani hawajaanza kujibu, "Wewe si mama yangu."

Wako watakaosema kwamba watoto wa Dar hawawezi kunyamazishwa asubuhi, kwa kuwa shule ziko mbali na lazima waamke gizani. Nimewasikiliza hao watoto kutoka kitandani kwa dada yangu, na kwa kweli wao hawasemi sana. Wanavaa viatu huku wamesinzia. Anayeliamsha jengo zima ni dereva wa basi la shule, anayepiga honi getini saa kumi na moja alfajiri, mara tatu, kisha anasubiri na kupiga tena. Namba ya mzazi anayo kwenye simu yake, kwa hiyo kanuni ya kwanza ya chama ingeweza kuwa kwamba apige simu.