Siku Niliyoapa Kuwa Mjane

Yote yalianza na herufi h. Cheti changu cha kuzaliwa kinayo, kitambulisho hakina, na mimi mwenyewe miaka yote nimekuwa nikiandika jina langu kadiri kalamu inavyopenda siku hiyo. Hakuna aliyenisumbua, hadi nilipokwenda benki kufungua akaunti. Dada wa dirishani akaviweka vyeti viwili sambamba, akavikodolea macho, akasema:

"Hawa ni watu wawili, kaka."

"Ni mimi mmoja."

"Basi leta kiapo."

Kama hujawahi kukumbana na hati ya kiapo, ni karatasi inayosema jambo fulani ni kweli kwa sababu wewe umeapa kwamba ni kweli. Unaandikiwa na wakili, unatia saini mbele ya kamishna wa viapo, naye anagonga muhuri. Kazi ya nusu saa. Mimi ilinichukua siku nne, na hadi leo nyumbani haijaisha.

Wakili wa mtaani kwetu ana ofisi ghorofani, chumba kimoja kilichogawanywa kwa kabati la mafaili: upande huu yeye, upande ule karani wake na printa inayokohoa. Wakili alinisikiliza, akaniuliza maswali mawili matatu ya maana, akamwagiza karani aandae hati. Karani akafungua kompyuta.

Sasa hapa kuna siri niliyokuja kuijua baadaye. Karani haandiki kiapo kuanzia mwanzo. Anafungua cha mteja wa jana, anafuta jina, anaweka lako. Wala si vibaya, kwa sababu maneno ni yale yale: "Mimi fulani, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa na kuthibitisha kama ifuatavyo," kisha kila aya inaanza na "Kwamba". Kinachotakiwa ni kukumbuka kufuta mambo yote ya mteja wa jana.

Printa ikakohoa, karatasi ikatoka. "Soma kwanza, kaka," karani akaniambia. "Ukiridhika tunavuka kwa kamishna."

Mimi ndiye huwa nawahubiria wenzangu habari za kusoma kabla ya kusaini. Shemeji yangu alipochukua mkopo nilimkaba koo wiki nzima: umesoma? Na yale maandishi madogo? Lakini siku ile nilikuwa nimetoroka kazini. Nikasoma jina langu. H ipo. Nikalisoma tena, kwa raha tu. Nikaishia hapo.

Wakili wangu hakuniapisha mwenyewe, kwa kuwa hati ameiandaa yeye. Nikapelekwa ofisi ya pili kwa wakili mwingine, mzee mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwenye ncha ya pua.

"Umeyasoma na kuyaelewa yaliyomo?"

"Nimeyasoma, mzee."

"Na ni kweli tupu?"

"Kweli tupu."

Nikaapa. Nikasaini. Muhuri ukalia pu! Nikashuka ngazi nikipiga mluzi.

Benki nikamkuta dada yule yule. Akaanza kusoma huku akifuatisha mistari kwa kidole, nikajisemea, huyu yuko makini. Kidole kikashuka taratibu hadi aya ya tano, kikaganda. Akaniangalia. Akaziangalia ndevu zangu. Akarudi kwenye karatasi.

"Pole kwa msiba."

"Msiba gani?"

"Wa mume wako."

Akanigeuzia karatasi. *5. Kwamba mume wangu alifariki dunia na kuniacha mimi, mjane wake, pamoja na watoto wanne. 6. Kwamba tangu kifo chake sijaolewa na mwanamume mwingine.* Na chini kabisa, mahali nilipothibitisha kuwa yote yaliyomo katika aya ya 1 hadi ya 6 ni ya kweli kwa ufahamu wangu wote, saini yangu, ile yenye mkia mrefu wa majivuno.

Ingekuwa mgane, labda ningejikaza. Lakini mjane!

"Kaka, herufi yako tumeikubali," dada akasema, mashavu yakimtetemeka kwa kicheko alichokibana. "Ila sasa itabidi utuletee na cheti cha kifo cha mumeo."

Nyumbani nikafanya kosa la pili: niliiacha ile karatasi mezani nikaenda kuoga. Niliporudi, mke wangu alikuwa amekaa wima, ameishika kwa mikono miwili.

"Baba fulani, hapa umeniua."

"Mke wangu, ni karani..."

"Subiri. Umeniua, halafu ukanigeuza mwanamume. Na hawa watoto wanne ni wa nani? Mimi nina wawili."

Alfajiri nilikuwa mlangoni kwa wakili kabla hajafika. Nilikuja na wazo langu: tuzipige mstari zile aya mbili kwa kalamu, yaishe. Wakili karibu aanguke kwenye kiti. Karatasi ikishaapiwa na kugongwa muhuri, akanieleza, si ya kuchezea kwa kalamu. Na kuapa uongo kwa makusudi ni kosa la jinai, kwa hiyo tusiiache ikizurura. Tutaapa upya, tutaje kosa, tulisahihishe. Hakunitoza tena. Wakati huo karani alikuwa amepauka, anapekua mafaili kama kuku anayechakura. Nikamuuliza kuna nini.

"Yule mama mjane," akanong'ona. "Alichukua hati yake jana jioni."

Maskini, sijui naye aliapa nini. Huenda ana h yangu.

Kiapo kipya nilikisoma neno kwa neno, koma kwa koma, mara tatu. Yule mzee wa miwani safari hii hakuniamini. Akaniamuru nisome kwa sauti. Benchi la wateja lilikuwa limejaa, na mlango wake haufungi vizuri.

"Kwamba aya ya 5 na ya 6 za kiapo changu cha awali ziliingia kwa makosa. Kwamba mimi ni mwanamume. Kwamba sijawahi kuolewa. Kwamba sina mume, aliye hai wala aliyekufa."

Benchini mtu akasema, "Amina."

Akaunti ilifunguliwa siku hiyo hiyo. Kiapo cha kwanza nilitaka kukichana, nikakuta mke wangu ameshakihifadhi kwenye droo pamoja na cheti chetu cha ndoa. Jana usiku nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi, nikasikia sauti kutoka jikoni:

"Marehemu anauliza, vyombo unaviosha lini?"