Mwenye kalamu kwenye maandamano

Kazi yangu ya Jumamosi, miaka miwili ya kwanza niliyokaa Berlin, ilikuwa kuwasimamisha waandamanaji njiani na kuwapa karatasi za maswali. Wala sitanii. Ndivyo wanavyofanya watafiti wa maandamano huku. Mwenzangu anasimama kando akihesabu safu, kila safu ya tano ananyoosha kidole kwa mtu mmoja, nami namwendea huyo huyo, najitambulisha, namkabidhi bahasha. Mwenye bahasha haruhusiwi kujichagulia. Ukimwachia, atawafuata wenye sura za upole na wa rika lake, kisha itaandikwa kwamba wanaoandamana Berlin wote ni wanafunzi wenye tabasamu.

Siku ya kwanza ilikuwa maandamano ya wapangaji kuhusu kodi za nyumba. Nilitetemeka, na baridi ikanipa kisingizio. Mfukoni nilikuwa na pasipoti na kadi ya ukaaji, na kwenye kiganja nimejiandikia kwa kalamu nambari ya simu ya rafiki yangu, tabia niliyotoka nayo Nairobi. Mama mmoja wa makamo, mbwa mkononi, akaipokea bahasha na kuuliza kama anaweza kujaza pale pale. Akajaza kila kitu: umri, elimu, kipato, chama alichokipigia kura, mwaka huu ameandamana mara ngapi, leo amekuja na nani. Akanirudishia kalamu, akanitakia siku njema. Hatua tatu kutoka tulipokuwa, polisi mmoja alikuwa akila tofaa.

Jioni nikampigia mtoto wa shangazi yangu, anayesoma Nairobi, nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa. "Kaka, ukifanya hivyo huku, waandamanaji watakupiga kabla polisi hawajafika."

Hakukosea. Anayepita katikati ya vijana pale Kenyatta Avenue akiwauliza umri na chama, huyo kwao ni polisi aliyevaa kiraia, hata awe na barua ya chuo. Na baada ya maandamano ya Juni 2024, watu waliofunika nyuso walipoanza kuwachukua vijana majumbani na barabarani, nani atamlaumu anayemkimbia mwenye kalamu?

Hilo limenikaa kichwani kuliko nadharia zote nilizofundishwa. Elimu ya maandamano imejengwa zaidi kwa habari za watu wanaoweza kuandamana na kujaza fomu siku hiyo hiyo. Sisi wengine tunajulikana kwa njia ya mbali, yaani kupitia magazeti.

Kuyasoma hayo magazeti ndiyo ikawa kazi yangu ya pili. Hifadhidata nyingi za maandamano duniani hujazwa hivyo: mtu anakaa mbele ya kompyuta, anasoma habari, anatia kila jambo kwenye kisanduku chake. Tarehe. Mji. Idadi ya watu. Dai. Mwandaaji. Kiwango cha vurugu. Watafiti wenyewe wanakubali kwamba gazeti huona maandamano makubwa, yaliyo karibu na ofisi zake, na yenye damu, na wameandika mengi kuhusu upungufu huo. Lakini kulijua tatizo hakujazi kisanduku.

Nilipewa Kenya, kwa sababu nasoma Kiswahili. Nikafika kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kuongeza kodi, yaliyoanza Nairobi tarehe 18 Juni na kusambaa nchi nzima. Kwenye kisanduku cha mwandaaji nikaandika "hakuna". Msimamizi wangu, binti mwerevu na mkarimu, akalirudisha jibu. Hakuna kitu kama hakuna, akasema, labda gazeti halikumtaja, weka 99. Nambari 99 maana yake haijulikani. Tukabishana chai mbili. Nikamweleza kwamba vijana wale walijitangaza wazi hawana kiongozi, hawana chama wala kabila, na kwamba kukosa mwandaaji kulikuwa silaha yao, maana serikali ilitafuta mtu wa kumwita mezani au wa kumtia ndani, ikakosa. Kumwandika mtu huyo "haijulikani" ni kusema yupo mahali amejificha, jambo ambalo ndilo serikali ilikuwa ikilisema. Alinisikiliza kwa makini kabisa. Fomu haikubadilika. Ile 99 ipo mpaka leo.

Mambo mengine hata kisanduku cha kuyakosea hayakupata. Mombasa, mwanzoni mwa Julai, watu waliandamana wameshika makuti, wakipuliza vuvuzela na kupiga ngoma. Aliyekulia pwani akiona makuti yamebebwa juu juu, ngoma ikilia, anaelewa kitu. Kwenye hifadhidata hiyo ni Mombasa, mamia, dai la kisiasa. Vijana walioutafsiri mswada kwa lugha za nyumbani ili wazee wausome nao hawamo, kwa kuwa kutafsiri si tukio la barabarani. Wala michango ya simu ya kulipia bili za hospitali na mazishi. Kwa fomu yetu, maandamano huisha watu wakitawanyika, ilhali kwetu huo ndio wakati familia zinaanza kuzunguka vituo vya polisi, kisha hospitali, kisha mochari, kwa mpangilio huo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu waliouawa 60 katika maandamano ya mwaka ule.

Nisije nikaonekana mgeni aliyelewa Ulaya, niseme na hili. Ukilinganisha karatasi kwa karatasi, sisi ndio wakarimu zaidi. Ibara ya 37 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Ibara ya 8 ya Katiba ya Ujerumani inasema Wajerumani wote. Sisi wenye kadi za ukaaji tunaingizwa na sheria za chini yake. Ile ya Berlin ya 2021 ndiyo inayosema kila mtu. Taarifa kwa polisi huku ni saa 48 kabla ya kuutangaza mkutano, kwetu ni siku 3 kabla, tena isiyozidi siku 14, na kote kuwili kinachotakiwa ni taarifa tu, si ruhusa, ingawa kwetu mkuu wa kituo huipokea kama ombi la kazi. Na polisi wa huku si wa kula matofaa siku zote. Oktoba 2023 walipiga marufuku mikutano mingi ya kuwaunga mkono Wapalestina hapa Berlin, na wiki zile wenzangu wageni waliacha kupita mitaa fulani, nikiwemo mimi. Kadi ya ukaaji hukufundisha adabu ambayo katiba haikuitaja.

Mwaka 1973 mwanasayansi wa siasa Mmarekani, Peter Eisinger, alichunguza maandamano katika miji 43 ya Marekani, akaona yanashamiri zaidi pale mfumo ulipofunguka nusu na kufungwa nusu. Mlango ukiwa wazi kabisa watu huingia wakazungumza. Ukifungwa kabisa hawathubutu. Nilipoisoma hoja hiyo nilicheka peke yangu maktabani. Mkenya yeyote ni shahidi wake. Ila Eisinger hakuhitaji kuuliza waandamanaji walirudije nyumbani.

Kinachonitia wivu huku, kusema kweli, si polisi wala sheria. Ni mafaili.

Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig, Ujerumani Mashariki ile ya zamani, wasijue kama watapigwa risasi. Hawakupigwa. Miezi mitatu baadaye, 15 Januari 1990, wananchi waliingia makao makuu ya majasusi hapa Berlin, Stasi, na karatasi zikaokolewa. Sheria ikatungwa 1991 kwamba kila aliyepelelezwa anaweza kuomba kusoma alichoandikiwa. Rafu za mafaili hayo zikipangwa mstari mmoja zinafika kilomita 111. Mama wa mwenzangu ofisini alikwenda kusoma lake. Jasusi alikuwa ameandika rangi ya skafu yake siku ya maandamano, na amekosea. Mama yule hujivunia kosa lile kila akiwa na wageni. Mafaili hayo hayo ndiyo yaliyofichua, 2009, kwamba polisi aliyemuua mwanafunzi Benno Ohnesorg kwenye maandamano ya Berlin Magharibi, 2 Juni 1967, kisha akaachiliwa na mahakama, alikuwa pia akiitumikia Stasi. Miaka 42 imepita, karatasi ikasema.

Sasa njoo kwetu. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyochunguza dhuluma za tangu uhuru, ilikabidhiwa Rais Mei 2013, na Bunge halijaipitisha.

Babu yangu alikuwa kuli bandarini Kilindini. Kila tulipopita naye kwenye uwanja mmoja alisema, hapa tulikaa siku nyingi hatufanyi kazi, na maelezo yakaishia hapo. Nilikuja kuelewa nikiwa na miaka thelathini na kitu, kwenye maktaba ya chuo, Berlin, ndani ya kitabu cha Kiingereza. Ulikuwa mgomo mkuu wa Mombasa, Januari 1947: wa bandarini, wa reli, wa majumbani, maelfu kwa maelfu, wakikusanyika kila siku mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Walirudi kazini kwa ahadi ya kuangaliwa mishahara, na kabla mwaka haujaisha kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa akapelekwa kuzuiliwa mbali. Nilitazama tanbihi za kitabu kile. Barua ya ofisa, ripoti ya ofisa, telegramu ya ofisa. Kwa hiyo hata ninachokijua kuhusu babu yangu nimekipata kwa waliokuwa wakimchunga, kwa lugha yao, ughaibuni. Laiti ningemuuliza mzee alipokuwa hai! Nilikuwa na simu yenye kinasa sauti. Nilikuwa nikirekodi nyimbo za redioni.

Msimamizi wangu alinipinga hapa, na alikuwa na hoja. Aliniambia kumbukumbu si karatasi peke yake, akamtaja Charles Tilly, aliyefundisha kwamba watu huandamana kwa mbinu walizozirithi na kuzizoea, kama wapigaji muziki wenye nyimbo wanazozijua wote. Basi wamezirithi kwa nani, kama hakuna kilichohifadhiwa? Nikafikiri. Saba Saba. Tarehe 7 Julai 1990 watu walikwenda uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi, na vijana wa 2024 na 2025, ambao wengi hawakuwa wamezaliwa, waliichagua tarehe hiyo hiyo bila kukumbushwa na kitabu cha shule. Kumbe imesafiri kwa midomo. Lakini tarehe ni nyepesi kubeba. Nani aliwafungulia mlango, njia gani ilikuwa na kizuizi, wakili gani alipokea simu usiku, hayo mdomo huyaangusha njiani, na kila kizazi kinakwenda kuyajifunza upya kwa mgongo wake.

Vijana wa sasa wamerekodi kila kitu, utaniambia. Ni kweli, na kwenye simu. Simu hizo zimepondwa, zimechukuliwa, nyingine wenyewe wamezifuta usiku kwa hofu, na zilizobaki picha zake zimelala kwenye mitambo ya kampuni za Marekani. Vyuo vya huku vinaomba ruzuku kuzichambua. Sivilaumu, mshahara wangu unatoka huko. Ila naona mkonge ukipakiwa melini tena.

Tangu Disemba naandika ujumbe wa sauti wa mtoto wa shangazi. Nilimwomba anisimulie tarehe 25 Juni, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, asiache kitu, kwa Kiswahili chake chenye Sheng ndani yake. Amenitumia kumi na mmoja mpaka sasa, mwingine wa dakika ishirini, kuku wakiwika nyuma. Sijazi kisanduku chochote. Nikimwuliza swali la kitaalamu ananijibu, "Kaka, niache nimalize."

Katika ule wa saba yumo mwenye duka. Gesi ilipozidi, mzee mmoja wa duka la vipuri aliwavuta ndani, watu kama ishirini, akashusha shata. Akawapa maji ya ndoo wapate kunawa macho. Kisha akafungua daftari lake la madeni, ukurasa mweupe, akamwuliza kila mmoja jina lake kamili na simu ya nyumbani, ili wakitoka na mmoja asifike, pawe na wa kupigiwa. Wote walimpa. Hakuna aliyesita, anasema, hata yeye alishangaa baadaye. Mara shata ikagongwa kwa rungu. Mzee akauchana ule ukurasa, akaukunjakunja, akautumbukiza kwenye ndoo, akaukoroga kwa mkono mpaka wino ukayeyuka, ndipo akaenda kuitikia.

Walioondoka mle ndani usiku ule walifika wote, kwa kadiri anavyojua. Katika majina yaliyokuwa kwenye karatasi anayakumbuka manne, pamoja na la mzee. Alinitajia polepole, akiyarudia. Nimeyaandika kwenye daftari, kwa penseli. Hapa siyaweki.