Je, vita vya jangwani vilikuwa "vita visivyo na chuki"?

Kampeni ya Afrika Kaskazini ya 1940 hadi 1943 husimuliwa mara nyingi kuwa "vita visivyo na chuki", kauli iliyoshikamana na jina la jenerali wa Ujerumani, Erwin Rommel. Maveterani wengi wa Uingereza na Ujerumani waliikubali, wala hawakuwa wakidanganya. Jangwa liliwatesa wote sawasawa: kiu, vidonda visivyopona, na nzi waliotangulia chakula mdomoni. Waingereza walichemsha chai kwa kukata debe la galoni 4, kulijaza mchanga na kuumwagia petroli. Madebe hayo yalivuja ovyo yakibeba mafuta, hivyo waling'ang'ania makopo imara ya lita 20 waliyoyateka kwa Wajerumani, waliowaita kwa utani "Jerry". Ndiko lilikotoka neno letu jerikani. Hata amri ya Hitler ya mwaka 1942, kwamba Wajerumani waliokuwa wakipigana upande wa Wafaransa Huru (waliokataa kusalimu amri kwa Ujerumani) wauawe, haikutekelezwa baada ya mapigano ya Bir Hakeim, huko Libya.

Hata hivyo, nadhani tunawapa askari sifa ambayo sehemu yake kubwa ni ya jiografia. Sehemu kubwa ya uwanja wa mapigano haikuwa na vijiji vya kuchomwa wala raia wa kulipiziwa kisasi. Palipokuwa na watu, mambo yalikuwa mengine: mwaka 1942 Waitaliano, washirika wa Ujerumani waliotawala Libya, waliwapeleka Wayahudi wa Cyrenaica, mashariki mwa nchi hiyo, katika kambi ya Giado, ambako zaidi ya 500 walikufa, wengi kwa homa ya chawa. Mabedui nao waliachiwa mabomu ya ardhini, yaliyoendelea kuwaua wachungaji miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza.

Tena, waliosimulia ni akina nani? Waafrika weusi wa Afrika Kusini walipelekwa huko kama vibarua na madereva, kwa kuwa serikali yao haikutaka wapewe bunduki. Mmoja wao, Job Maseko, aliyetekwa mji wa bandari wa Tobruk, Libya, ulipoanguka mikononi mwa Wajerumani na Waitaliano tarehe 21 Juni 1942, alilazimishwa kupakua meli bandarini. Alijaza baruti za risasi katika kopo la maziwa, akalificha kati ya mapipa ya petroli ndani ya meli, akawasha utambi, na meli ikazama. Alieleza baadaye kwamba alifanya hivyo kwa sababu ya walivyotendewa na adui, hasa Waitaliano.