Tangi tupu, kilo 187

Kabla hamjaendelea kunicheka kwa ile stori aliyoisambaza jamaa yangu: hakuna kilicholipuka, sikulia, na sikukimbia. Nilitoka nje kupokea simu. Haikuita, sawa, lakini nilitoka kwa kutembea.

Kilichoniponza ni ujuaji. Wiki nzima nawasomesha watu lodiseli, vile vyuma vinavyohisi uzito kwenye mizani, utadhani nimezizaa mimi, oh ile ya umbo la S ni ya kitu kinachoning'inia, oh singo pointi ni ya mizani ndogo, tangi letu lina miguu minne kwa hiyo ni shia bimu, moja kila mguu, na mshale uliochorwa juu yake uangalie mzigo unakoelekea la sivyo itasoma hasi. Na yote ni kweli jamani, hapo sikukosea! Maji kilo 1,000, miguu minne, kwa hiyo nikaagiza za kilo 250. Hesabu ya darasa la tatu, nikaipigia na mstari.

Siku ya kujaribu bosi kaja na wageni. Tangi tupu, nikabonyeza ziro kwa madaha, kioo cha mizani kikasema 0. Valvu ikafunguliwa. 100... 250... 400, bosi anaitikia kwa kichwa, mimi mikono nyuma. 550. 590. Halafu kioo kikaacha namba kikaweka vistari. Vistari vitano. Kimya. Nikasema, "Inatafakari, bosi."

(Mafundi mizani mshashika vichwa, nawaona.)

Maji yanazidi kuingia, mimi nakigonga kioo kwa ukucha, polepole, kama mtu anayebisha hodi ukweni, na ndo hapo macho yakatua kwenye kile kibati ubavuni mwa tangi. Uzito likiwa tupu: kilo 900.

Jasho lilianzia kisogoni likaenda mpaka kwenye mkanda, nalisikia linavyopita. Ziro inafuta namba tu, chuma hakiendi popote. Zile lodiseli maskini zilikuwa zimeshabeba kilo 225 kila moja kabla ya tone la kwanza, na jamaa alivyokuja kufunga valvu zilikuwa kwenye 475, wakati nyingi zinavumilia 150% ya uwezo wake, zaidi ya hapo zinapinda na hazirudi.

Tukamwaga maji yote. Kioo: 187.

Bosi akachungulia ndani. Akagonga tangi, ngo ngo. Akaniuliza kwa upole, na ule upole ndo uliniua, "Fundi, hizi kilo 187 ni za nini?"

Na mimi, sijui nani alinituma: "Za hewa."

Ndo nikapokea ile simu.

Mpya zimefungwa, za kilo 1,000 kila moja, safari hii nimehesabu tangi, maji, na mguu mmoja ukigoma kubeba. Zinasoma freshi. Ila asubuhi nimekuta karatasi kwenye kompresa, mwandiko naujua: "Hewa isitoke hapa mpaka fundi aipime."